Nafasi ya Diski Inayobaki Baada ya Jaribio la Mifumo Miwili Kukwama

Mtu anayetaka kuweka Linux kando ya Windows huanza kwa kupunguza patisheni ya C, tuseme kwa gigabaiti 100, kisha huchomeka flashi yenye kisakinishi na kufuata hatua moja baada ya nyingine. Ikitokea kisakinishi kimekwama katikati, au kompyuta imekataa kuwaka upande wa Linux, huamua kuachana na jambo hilo na kurudi kwenye Windows. Hapo ndipo hugundua kwamba C imepungua na zile gigabaiti 100 hazionekani popote: hazimo ndani ya C, hazina herufi yao, na dirisha la faili halizitaji kabisa. Wapo wanaodhani kwamba nafasi hiyo imepotea, na wapo wanaofikia hatua ya kufuta diski nzima na kusakinisha Windows upya. Naandika makala haya kwa sababu karibu kila mara hatua hiyo haihitajiki, na kwa sababu haraka ya kurudisha nafasi huweza kuleta hasara kubwa kuliko ile iliyoletwa na jaribio lenyewe.

Nafasi hiyo haijaenda popote. Diski ni mfululizo mmoja wa sekta zilizopewa namba kuanzia sifuri hadi ya mwisho, na patisheni ni maandishi mafupi tu katika jedwali lililo mwanzoni mwa diski, yanayosema kwamba kuanzia sekta fulani hadi sekta fulani ni eneo moja, na kwamba eneo hilo ni la aina fulani. Dirisha la faili la Windows huonyesha maeneo yaliyopewa herufi peke yake. Eneo ambalo jedwali halilitaji halionekani humo. Eneo linalotajwa lakini lenye ext4, yaani mfumo wa faili unaotumiwa na Linux nyingi, huwa kwa Windows ni eneo lisilosomeka. Likipata herufi kwa namna yoyote ile, Windows huomba ruhusa ya kulifomati kabla ya kulitumia.

Jaribio lililokwama huacha alama katika sehemu nne tofauti, na kuzichanganya sehemu hizo ndiko kunakowaingiza watu matatani. Ya kwanza ni hilo jedwali la patisheni. Ya pili ni mfumo wa faili ulio ndani ya kila patisheni, ambao una hesabu yake yenyewe ya ukubwa. Ya tatu ni faili za kuwashia kompyuta, ambazo katika mashine za kisasa hukaa ndani ya patisheni ndogo ya EFI inayotumiwa kwa pamoja na mifumo yote miwili. Ya nne haimo kwenye diski kabisa: ni orodha ya mifumo endeshi inayotunzwa katika kumbukumbu ya ubao mama, ambayo programu dhibiti ya UEFI huisoma kila kompyuta inapowashwa ili ijue ianze na nani. Kufuta patisheni ya Linux hugusa sehemu ya kwanza peke yake. Nyingine zote hubaki kama zilivyokuwa, zikiendelea kuelekeza mahali ambapo hapana kitu tena.

Kwa hiyo ni muhimu kujua jaribio lilifika wapi. Kama lilikwama kabla kisakinishi hakijaandika chochote, kilichopo ni pengo tupu na kazi ni nyepesi. Kama kilikwisha kugawa na kufomati, kuna patisheni moja au zaidi zenye ext4, na pengine nyingine ya swap, ambayo Linux huitumia kusaidia kumbukumbu ya RAM. Kama kilifika hatua ya mwisho, ambapo programu ya kuwashia iitwayo GRUB huwekwa, basi hata utaratibu wa kuwaka umebadilika, na hapo mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama kompyuta itawaka kesho au haitawaka.

Kutazama kabla ya kugusa

Katika Windows, andika diskmgmt.msc kwenye kisanduku cha kutafutia na ufungue zana ya Disk Management. Mchoro ulio chini ya dirisha lake huonyesha diski kama mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mpangilio uleule uliopo kwenye diski yenyewe, na mpangilio huo una uzito mkubwa kuliko ukubwa wa eneo lolote. Upige picha kwa simu kabla ya kufanya lolote, kwa kuwa picha hiyo ndiyo itakayokukumbusha baadaye kila kitu kilikuwa wapi.

Kwenye kompyuta ya kawaida yenye jedwali la aina ya GPT utaona patisheni ya EFI, ambayo Windows yenyewe huipa megabaiti 100 au zaidi kidogo, kisha C, kisha, mara nyingi mwishoni, patisheni ya uokoaji yenye megabaiti mia kadhaa. Kati ya EFI na C pana patisheni nyingine ya megabaiti 16 ambayo Windows huitunza kwa matumizi yake na ambayo zana hii haiionyeshi. Hizo zote ni za Windows. Eneo lililoandikwa kuwa halijagawiwa, lenye mstari mweusi juu yake, ndilo pengo tupu. Eneo lenye mstari wa buluu, lisilo na herufi wala jina la mfumo wa faili, na lenye ukubwa unaokaribiana na ule ulioupunguza, kwa uwezekano mkubwa ni la Linux. Usiridhike na uwezekano. Linganisha ukubwa, linganisha mahali, na kama una shaka, washa kompyuta kwa flashi ileile ya Linux bila kusakinisha na utoe amri ya lsblk -f, ambayo itataja mfumo wa faili wa kila patisheni kwa jina. Nimeona mtu akifuta patisheni ya uokoaji ya kiwandani kwa kuwa tu haikuwa na herufi. Ilikuwa na nakala nzima ya mfumo aliyonunua pamoja na kompyuta, na haikurudi.

Hesabu za ukubwa nazo huwachanganya watu. Diski inayouzwa kama ya gigabaiti 500 huonekana katika Windows kuwa ya takriban 465, kwa sababu mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Vivyo hivyo, Disk Management huuliza kiasi cha kupunguza kwa megabaiti, na kila gigabaiti yake ina megabaiti 1,024. Aliyeandika 100000 alipata pengo la gigabaiti 97.66 wala hakuibiwa chochote. Mapengo ya megabaiti moja moja baina ya patisheni nayo ni ya kawaida. Zana za kisasa huanzisha kila patisheni kwenye mpaka wa megabaiti kamili ili uandishi wa SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, uende vizuri, na kuyafukuzia mapengo hayo ni kupoteza muda.

Kabla ya hatua yoyote ya kuandika, faili zako muhimu ziwe na nakala kwenye diski nyingine. Na kama C imefungwa kwa BitLocker, yaani usimbaji wa diski wa Windows, hakikisha una ufunguo wa uokoaji, wenye tarakimu 48, mahali nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu kubadilisha mpangilio wa kuwaka kunaweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo itakapowashwa. Ni vizuri pia kusitisha ulinzi wa BitLocker kwa muda kupitia mipangilio yake, kisha kuurudisha kazi ikiisha.

Kuwaka kwanza, kufuta baadaye

Watu wengi huanza kwa kufuta patisheni ya Linux kwa kuwa ndiyo inayoshika nafasi wanayoitaka. Mimi nasisitiza kinyume chake: hakikisha kwanza kwamba Windows inaweza kuwaka bila msaada wa GRUB, ndipo ufute.

Sababu yake ni hii. GRUB imegawanyika. Kipande chake kidogo hukaa mahali ambapo kompyuta hukikuta mwanzo kabisa, lakini mipangilio yake na moduli zake hukaa ndani ya patisheni ya Linux. Ukiifuta patisheni hiyo huku kompyuta ingali inaanza na GRUB, kile kipande kidogo kitaamka, kitatafuta wenzake, hakitawaona, na kitakuacha mbele ya skrini nyeusi yenye maneno grub> au grub rescue>. Windows bado ipo salama kwenye diski, ila hakuna anayeiita.

Kwenye kompyuta ya UEFI, dawa ni nyepesi na inapatikana hata baada ya kosa kutendeka. Ingia kwenye mipangilio ya programu dhibiti wakati wa kuwasha, kwa kitufe ambacho hutofautiana kulingana na mtengenezaji, tafuta mpangilio wa kuwaka, na uweke Windows Boot Manager juu ya orodha. Hifadhi, washa upya, na uangalie kama Windows inafunguka moja kwa moja bila menyu ya GRUB kutokea. Ikifunguka, sasa patisheni za Linux hazina kazi yoyote katika kuwaka, na kuzifuta hakuwezi kukuzuia kuingia.

Kwenye kompyuta za zamani zinazotumia BIOS, yaani programu dhibiti iliyotangulia UEFI, na jedwali la patisheni la aina ya MBR, mambo ni magumu zaidi. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512, ambazo 446 kati yake ni za msimbo wa kuwashia, 64 ni za maingizo manne ya patisheni, na mbili za mwisho ni alama ya uthibitisho. GRUB huandika msimbo wake juu ya ule wa Windows katika hizo baiti za kwanza, na hapana orodha ya kuchagua kama ile ya UEFI. Ili kurudisha msimbo wa Windows unahitaji flashi ya usakinishaji wa Windows: washa nayo, chagua kurekebisha kompyuta badala ya kusakinisha, fungua dirisha la amri, na utoe amri ya bootrec /fixmbr. Amri hiyo hubadilisha msimbo bila kugusa maingizo ya patisheni. Iandae flashi hiyo kabla ya kufuta chochote, kwa kuwa kuiandaa ukiwa na kompyuta isiyowaka kutakulazimu kuazima kompyuta ya mtu mwingine.

Kufuta kwenyewe ni jambo la muda mfupi. Katika Disk Management, bofya kulia kwenye patisheni ya Linux na uchague Delete Volume, kisha ufanye hivyohivyo kwa ile ya swap kama ipo. Ikiwa chaguo zote zimefifia, tumia diskpart katika dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi: list disk, select disk, list partition, select partition, kisha delete partition override. Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe, kwa sababu diskpart haiulizi kama una uhakika. Ndani ya zana hiyohiyo kuna amri ya clean, ambayo hufuta jedwali zima la diski iliyochaguliwa, na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya kusafisha flashi huitaja mara kwa mara. Hapa haina nafasi kabisa.

Aliye na diski ya MBR ana mtego mmoja wa ziada. Kwa kuwa jedwali hilo lina maingizo manne tu, visakinishi vya Linux mara nyingi huweka patisheni zao ndani ya patisheni kubwa ya aina maalumu, inayobeba nyingine tumboni mwake. Ukizifuta zile za ndani, eneo hubaki la kijani na huitwa nafasi huru, lakini bado liko ndani ya ile kubwa na C haiwezi kulichukua. Inabidi kuifuta na ile kubwa, baada ya kuhakikisha kwamba haina patisheni yako nyingine, kama vile D, ndani yake. Mstari ukigeuka mweusi, hapo ndipo eneo limekuwa huru kwelikweli.

Kwa nini kitufe cha kupanua kimefifia

Sasa pengo lipo, lipo wazi, na bado ukibofya C chaguo la Extend Volume limefifia. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake limo katika namna NTFS, yaani mfumo wa faili wa Windows, inavyohesabu.

NTFS huigawa patisheni katika vipande vidogo, kwa kawaida vya kilobaiti nne kila kimoja, na huvipa namba kuanzia mwanzo wa patisheni. Kila faili ina kumbukumbu inayosema data yake imo katika vipande namba fulani hadi fulani. Ukiongeza nafasi upande wa kulia, vipande vipya hupata namba mpya mwishoni mwa hesabu, na vya zamani vinabaki na namba zilezile. Kazi ni ya sekunde chache na inaweza kufanyika Windows ikiwa inaendelea kutumika. Ukitaka kuongeza upande wa kushoto, mwanzo wenyewe wa hesabu unahama, na haitoshi kubadilisha ingizo la jedwali. Data yote lazima isukumwe nyuma ili ilingane na mwanzo mpya. Zana za Windows hazifanyi kazi hiyo. Zinapanua kuelekea kulia tu, na zinataka pengo liwe limegusana na C, bila chochote katikati, hata kama chochote hicho ni patisheni ya megabaiti mia chache.

Kwa aliyepunguza C na kuiacha ilivyo, habari ni njema: kupunguza hutoa nafasi mwishoni mwa C, kwa hiyo pengo liko mahali panapotakiwa, na Extend Volume itakubali mara moja. Lakini kuna njia kadhaa ambazo kizuizi huingia katikati. Mtu anaweza kuwa alipunguza D badala ya C. Au aliacha wiki kadhaa zipite baada ya jaribio, Windows ikajisasisha kwenda toleo jipya, ikaona patisheni yake ya uokoaji haitoshi, ikakata kipande mwishoni mwa C na kuunda nyingine hapohapo. Hapo mpangilio unakuwa C, uokoaji, pengo, na pengo limekwama upande wa pili wa ukuta.

Kabla ya kuubomoa ukuta huo, jiulize kama kweli unahitaji C moja kubwa. Pengo lililotengwa linaweza kugeuzwa kuwa patisheni mpya ya NTFS yenye herufi yake, na picha, video na nyaraka zikahamishiwa huko, zikaipunguzia C mzigo uleule. Hata kama programu fulani inadai folda iliyo ndani ya C, Windows inaruhusu patisheni ifungwe kwenye folda tupu ya NTFS badala ya kupewa herufi, nayo ikaonekana kama sehemu ya C. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa wengi, kwa sababu haihamishi hata baiti moja ya data iliyopo. Jambo moja tu la kukataa: Windows ikikuonya kwamba ili kuendelea itaigeuza diski kuwa ya aina iitwayo dynamic, bonyeza kukataa. Aina hiyo Microsoft yenyewe imeshaitangaza kuwa inaachwa, na kurudi kutoka kwayo kwa zana za Windows kunahitaji kufuta kila kilichomo kwenye diski hiyo.

Ikiwa C moja ndiyo unayoihitaji na kizuizi ni patisheni ya uokoaji ya Windows, utaratibu upo na ni wa kuaminika ukifuatwa kwa ukamilifu. Katika dirisha la amri la msimamizi, reagentc /info itakuambia mazingira ya uokoaji yako kwenye patisheni ipi. Amri ya reagentc /disable huyazima na kuirudisha faili yake kuu kwenye folda ya Windows ndani ya C, ili isipotee patisheni itakapofutwa. Baada ya kuthibitisha kwamba yamezimwa, futa patisheni hiyo kwa diskpart kwa kutumia delete partition override, na sasa C na pengo zimegusana. Panua C, lakini uache megabaiti 1,000 hivi mwishoni kwa ajili ya patisheni mpya ya uokoaji. Iunde, ifomati kwa NTFS, na kwenye diski ya GPT uipe utambulisho wa aina yake kwa amri set id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac, ikifuatiwa na gpt attributes=0x8000000000000001, ambayo huizuia isipewe herufi na kufutwa kwa bahati mbaya. Kwa MBR, amri ni set id=27. Mwisho, reagentc /enable huirudisha faili ya uokoaji mahali pake. Wapo wanaoishia kwenye kupanua C na kuacha hatua za mwisho kwa kuwa kompyuta inafanya kazi vizuri bila hizo. Inafanya kazi, mpaka siku Windows itakapokataa kuwaka na menyu ya kurekebisha isiwepo.

Njia nyingine ni kuihamisha patisheni badala ya kuifuta, na zana inayotumiwa zaidi kwa hilo ni GParted, ambayo ni ya bure na huwashwa kutoka kwenye flashi. GParted inaweza kusukuma patisheni ya uokoaji hadi mwisho wa diski, na inaweza hata kupanua C kuelekea kushoto. Ila elewa inachofanya: hunakili data ya patisheni nzima kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kwa patisheni ndogo ya uokoaji ni dakika chache. Kwa C yenye mamia ya gigabaiti inaweza kuwa saa nyingi, hasa kwenye diski ya kuzunguka, na umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo patisheni hubaki nusu huku na nusu kule, hali ambayo ni vigumu mno kuirekebisha. Kompyuta ya mkononi iwe na betri nzima na iwe imechomekwa.

Kabla ya kuwasha GParted, zima kipengele cha Windows cha kuwaka haraka kwa amri powercfg /h off. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta kwa kawaida huwa si kuzima kamili. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye faili na NTFS huachwa ikiwa imeandikwa kuwa ingali inatumika. GParted ikikuta hali hiyo hukataa kubadilisha ukubwa, na hufanya vyema kukataa. Wala haiwezi kubadilisha ukubwa wa patisheni iliyofungwa kwa BitLocker, ambayo kwake ni data isiyosomeka. Mwenye BitLocker atumie zana za Windows, au aifungue kabisa C kwanza.

Mara chache hutokea jambo la kushangaza: Disk Management inaonyesha C imepanuka, lakini dirisha la faili linashikilia ukubwa wa zamani. Aliyeelewa tofauti ya jedwali na mfumo wa faili hatashangaa, kwa sababu ingizo la jedwali limerefushwa lakini hesabu ya ndani ya NTFS haikufuata. Katika diskpart, chagua C kwa select volume, kisha toa amri ya extend filesystem.

Mabaki yaliyo nje ya pengo

Nafasi ikisharudi, bado patisheni ya EFI ina folda ya Linux iliyojaribiwa, na orodha ya programu dhibiti ina jina lake. Megabaiti zinazookolewa hapa ni chache, lakini patisheni ya EFI ya megabaiti 100 ikijaa huweza kuzuia masasisho makubwa ya Windows, kwa hiyo usafi huu una faida yake. Amri ya mountvol S: /S huipa patisheni ya EFI herufi S kwa muda. Ndani ya folda ya EFI utakuta folda ya Microsoft, folda ya Boot, na yenye jina la Linux husika, kwa mfano ubuntu. Futa hiyo ya mwisho tu kwa rd /s, kisha uiondoe herufi kwa mountvol S: /D. Folda ya Boot iache ilivyo.

Kwa orodha ya programu dhibiti, bcdedit /enum firmware huonyesha maingizo yote pamoja na vitambulisho vyake virefu vilivyo ndani ya mabano ya mabawa, na bcdedit /delete ikifuatiwa na kitambulisho husika huliondoa ingizo moja. Ukiwa ndani ya Linux ya flashi, efibootmgr hufanya kazi hiyohiyo kwa namba fupi za tarakimu nne. Usifute ingizo la Windows Boot Manager. Likifutika kwa makosa, amri ya bcdboot C:\Windows kutoka kwenye flashi ya usakinishaji huliandika upya pamoja na faili zake, mradi C iwe ndiyo herufi iliyopewa Windows humo, jambo ambalo si la hakika ukiwasha kwa flashi.

Aliyebakia na Linux na kuiacha Windows hukutana na maswali yaleyale kwa sura nyingine. Ext4 hupanuliwa kuelekea kulia hata ikiwa inatumika: patisheni hurefushwa kwanza, kisha resize2fs huufanya mfumo wa faili ufuate. Kuipunguza kunahitaji iwe haitumiki, kwa hiyo patisheni kuu ya mfumo hupunguzwa kutoka kwenye flashi. XFS, mfumo mwingine wa faili wa Linux, hupanuka kwa urahisi, lakini usitegemee kuipunguza. Aliyesakinisha kwa kutumia LVM, yaani utaratibu wa Linux wa kuunganisha patisheni kadhaa kuwa kundi moja la nafasi, ana nafuu kubwa, kwa kuwa LVM haijali kama mapengo yamegusana. Pengo lolote linaweza kuongezwa kwenye kundi na kutumiwa. Na ukifuta patisheni ya swap, ondoa mstari wake kwenye /etc/fstab, faili yenye orodha ya patisheni ambazo Linux huzitumia inapowaka, la sivyo kila ukiwasha kompyuta mfumo utaisubiri kwa sekunde 90 kabla ya kuendelea.

Ikiwa umefuta patisheni isiyo yako kuifuta, acha kila kitu papo hapo. Kufuta huondoa ingizo la jedwali tu. Data ingali palepale hadi pale kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Programu ya TestDisk, ambayo nayo ni ya bure, husoma diski kutafuta mianzo ya mifumo ya faili na inaweza kuliandika upya ingizo lililopotea. Lakini ukishapanua C juu ya eneo hilo, au ukishalifomati kwenye SSD, nafasi ya kuokoa hupungua sana, kwa sababu Windows huiarifu SSD kwamba vipande hivyo havihitajiki tena na SSD huvisafisha yenyewe.

Arifa hiyo ina upande wake mzuri. Patisheni ya Linux ilipofutwa, SSD haikuambiwa kitu, na iliendelea kuyatunza maandishi ya Linux kana kwamba yana mwenyewe. Baada ya C kupanuka, toa amri ya defrag C: /L, ambayo jina lake linatisha ingawa hapa haipangi upya faili zozote; huipelekea SSD orodha ya vipande vyote vilivyo huru ndani ya C, pamoja na vile vilivyotoka kuingia. Kisha chkdsk C: /scan ihakikishe kwamba mfumo wa faili ni mzima, reagentc /info ionyeshe kwamba uokoaji umewashwa, ulinzi wa BitLocker urudishwe kama uliusitisha, na powercfg /h on iirudishe hali ya kuwaka haraka kama uliizima. Washa upya mara mbili ukitazama kama Windows inafunguka yenyewe mara zote mbili, ndipo uiweke kando ile flashi.